Nyumba yako, usingizi wako na hali ya moyo wako

Ukipita leo vijiji vya Magu na Misungwi, au ukivuka kwenda Ukerewe, utaona nyumba za tofali na bati zikichukua nafasi ya misonge ya nyasi. Ni maendeleo ya kweli. Bati halishiki moto kama nyasi, wala halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini familia nyingi zikishahamia hukutana na jambo ambalo fundi hakulisema: usiku chumba ni cha moto, mtoto analia, na asubuhi baba na mama wanaamka wamechoka, maneno yakiwa makali.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ujenzi wa nyumba unavyogusa usingizi na hisia za wanaoishi ndani, na nini kinaweza kufanyika.

Joto linaingiaje?

Mwanza iko karibu na ikweta, hivyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Asubuhi linapiga ukuta wa mashariki, mchana bati, na alasiri ukuta wa magharibi. Bati ni jembamba, hupitisha joto mara moja. Tofali ni zito: humeza joto la alasiri polepole na kulitoa usiku, wakati mmelala. Ndiyo maana chumba cha upande wa magharibi chenye dirisha moja dogo huendelea kuwa na joto hata nje kukiwa kumepoa.

Joto na hisia

Mtu anapolala, joto la mwili wake hushuka kidogo. Chumba kikiwa cha moto, hilo linakuwa gumu, naye hugeukageuka na kuamka mara kwa mara. Aliyekosa usingizi hukasirika upesi, husahau, na jambo dogo huliona kubwa. Hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu, huongeza hatari ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha.

Kuna hatari nyingine. Anayesikia joto husukuma chandarua pembeni, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini.

Watafiti wameona nini?

Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba 6 za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu. Watafiti walikuta zina joto pungufu kwa zaidi ya nyuzi 2 kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walikuwa wachache zaidi, hasa katika zile za ghorofa.

Sakafu nayo ina nafasi yake. Nchini Mexico, serikali ilisaidia familia maskini kubadilisha sakafu za udongo kuwa za saruji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa minyoo na vimelea vingine vilipungua kwa watoto, na kina mama walikuwa na msongo na huzuni pungufu.

Vipi kuhusu wezi na mbu?

Wengi hujenga madirisha madogo, au huyafunga usiku, kwa kuogopa wezi na mbu. Hofu hiyo ina sababu, na mwenye hofu naye halali. Kwa hiyo kinachotakiwa ni dirisha linaloweza kubaki wazi usiku kucha: lenye nondo imara nje na wavu wa mbu usiotoboka.

Kama hujaanza kujenga

- Elekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, ili ukuta mfupi ndio upigwe na jua la alasiri.
- Kila chumba cha kulala kiwe na matundu ya hewa pande mbili. Kandokando ya ziwa, mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Dirisha moja halitoshi, kwa sababu hewa inayoingia inahitaji pa kutokea.
- Acha bati litokeze vizuri nje ya ukuta, likinge jua na mvua.
- Usizibe kabisa nafasi kati ya ukuta na bati. Ifunike kwa wavu.

Kama umeshajenga

- Weka dari, hata ya bei nafuu. Huzuia joto la bati na hupunguza kelele za mvua.
- Paka chokaa nyeupe ukuta wa magharibi, au panda mti wa kivuli upande huo, mbali kidogo na msingi.
- Pikia nje au kwenye jiko la pembeni, ili joto na moshi visibaki ndani.
- Kama fedha inatosha jambo moja tu, toboa dirisha la pili katika chumba wanacholala watoto, likiwa na nondo na wavu.

Si kila huzuni inatokana na nyumba. Ukiona wewe au ndugu yako amekosa raha, usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki 2, nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu pia mnalala wapi na wangapi katika chumba kimoja, kwa sababu maelezo hayo yatamsaidia kuelewa tatizo.