Ramani ya tovuti: ilitoka wapi na inamsaidia nani

Mwezi wa tatu 1989, Mwingereza Tim Berners-Lee, mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, aliwaandikia wakubwa wake juu ya shida moja: watu wanakuja na kuondoka, na habari zinapotea. Wazo lake lilizaa wavuti.

Kurasa zilipoongezeka, shida ikarudi. Mwaka 1994, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jerry Yang na David Filo, walianza kupanga tovuti kwa mafungu. Orodha yao ikawa Yahoo. Wenye tovuti nao waliweka ramani: ukurasa mmoja unaoonyesha kurasa nyingine zote. Mwezi wa sita 2005, Google ilileta ramani inayosomwa na mashine za kutafuta. Mwaka uliofuata, Yahoo na Microsoft wakaikubali.

Mama aliyehama makwao huko Kivu, mwenye mega chache kwenye simu, hawezi kufungua kurasa kumi akitafuta siku ya kugawa chakula au mahali pa kuulizia mtoto aliyepotea. Kwa hiyo ramani ichorwe kwanza, ndipo kurasa ziandikwe. Tangazo lisilo na njia ya kulifikia ni sawa na tangazo ambalo halikutolewa.