Lualaba: tangu kasia la Wagenya hadi moteri ya farasi 40

LUBUTU, Maniema. – Mji wa Lubutu hauko kandokando ya Lualaba. Uko msituni, kwenye barabara ya Kisangani–Bukavu, na wakaaji wake wengi wanajua pikipiki kuliko mtumbwi. Hata hivyo, maisha ya Maniema yote, tangu Lubutu hadi Kasongo, yamefungwa na mto ule. Matope yakiikata njia ya Kindu, makao makuu ya jimbo, mzigo wa Kisangani unaweza kuzunguka kwa Ubundu na kupanda Lualaba. Bei ya chumvi, sabuni na dawa inafuata chombo kinachobeba.

Katika historia ya mto huu swali moja linarudi kila kizazi: chombo ni cha nani, na kikiharibika katikati ya safari, nani anaweza kukitengeneza?

Mwenye mtumbwi ndiye mwenye mto

Mwaka 1871 Mskoti David Livingstone alifika Nyangwe, soko kubwa la ukingo wa Lualaba, leo katika teritware ya Kasongo. Alitaka mitumbwi ya kuteremka mto ajue maji yanakwenda wapi. Alingoja miezi, mitumbwi hakuipata. Wenye mitumbwi hawakuwaamini wageni wa Nyangwe, na walikuwa na sababu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi wanunuzi na wauzaji sokoni. Wengi walikufa, na wengine wakazama wakikimbilia mitumbwi. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, akageuka kurudi Ujiji.

Mwaka 1874 Cameron naye alifika Nyangwe, naye akakosa mitumbwi. Henry Morton Stanley alifaulu mwaka 1876 kwa sababu alikuja na chombo chake. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani tangu pwani ya Bahari ya Hindi. Pia alipatana na Tippu Tip amsindikize na watu wenye bunduki. Hata hivyo, alipotaka kuwavusha watu wake ng'ambo, alihitaji mitumbwi ya Wenya, watu wa mto ambao leo wanaitwa Wagenya.

Mtumbwi ulikuwa mti mmoja uliochongwa. Ukipasuka, aliyeuchonga aliuziba. Kasia likivunjika, msitu ulikuwa na mti mwingine. Nguvu ya Wagenya mbele ya wageni ilitoka hapo: hawakungoja kitu kutoka mbali.

Meli za kampuni

Mwaka 1902 ilianzishwa kampuni ya reli ya CFL, ya kuunganisha Kongo ya juu na Maziwa Makuu. Reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, ndiyo Kisangani na Ubundu ya leo, ilimalizika mwaka 1906 ili kupita maporomoko. Ile ya Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwisho wa mwaka 1910. Kati ya Ubundu na Kindu, maji ya zaidi ya kilomita 300, zilipita meli za moshi zilizokula kuni.

Meli ilibeba mzigo ambao mitumbwi mia isingeubeba, na mji wa Kindu ulikua pale reli na mto vilipokutana. Lakini mto ulikuwa umebadilisha mwenyewe. Fundi, vipuri na ratiba vyote vilikuwa vya kampuni. Mwaka 1974 reli na meli hizo ziliingia katika shirika moja la taifa, linaloitwa leo SNCC. Vyombo vilizeeka, na vita vya 1996 na vya 1998 vikaikata njia. Kampuni ikisimama, mto wote unasimama.

Lubutu inaukumbuka wakati ule kwa uchungu. Mwanzoni mwa Machi 1997 wakimbizi wa Rwanda waliikimbia kambi ya Tingi-Tingi, karibu na mji. Maelfu yao walifika Ubundu wakitafuta kuvuka Lualaba. Waliovuka walivuka kwa mitumbwi.

Moteri inayobebwa begani

Chombo kilichojaza nafasi ya meli kilikuwa kidogo. Mwaka 1909, huko Milwaukee, Marekani, Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norway, alianza kuuza moteri ya kufunga nyuma ya mashua. Mwaka 1960 Yamaha ya Japani ikatoa ya kwanza yake. Leo kwenye mito ya Kongo jina Yamaha karibu limekuwa jina la moteri yenyewe: farasi 15, farasi 25, farasi 40.

Nyingi ni za mipigo miwili, «deux temps» kwa mafundi. Moteri ya mipigo minne humaliza kazi pistoni ikipanda na kushuka mara mbili. Hii humaliza mara moja tu. Haina vali za kupima wala hazina ya mafuta ya kubadilisha. Mafuta yake yanachanganywa ndani ya esansi, kwa kawaida lita 1 kwa lita 50. Ni nyepesi, ina nguvu, na inawaka kwa kuvuta kamba.

Zaidi ya hayo, inasema ugonjwa wake. Ikikataa kuwaka, fundi anafungua buji. Buji ikiwa imelowa esansi, mafuta yanafika ila moto wa umeme haupo. Ikiwa kavu, esansi haifiki: anatazama tundu la hewa la tangi, mpira wa kusukumia kwa mkono, chujio, halafu vitundu vya kaburateri. Buji nyeusi yenye mafuta ni mchanganyiko mzito. Buji nyeupe ni onyo kwamba moteri inachomeka kwa kukosa mafuta.

Dalili nyingine ni kijito cha maji kinachoruka pembeni moteri ikifanya kazi. Kikikatika, nahodha azime papo hapo: maji ya kupoza hayapandi tena, mara nyingi kwa sababu mchanga umekula mpira wa pampu. Akiendelea, pistoni itakwama. Na moteri inayokohoa baada ya kununua esansi kwa Kadhafi, wale wauzaji wa chupa na bidon barabarani, yafaa kwanza ishukiwe kuwa imekunywa maji.

Kazi hiyo inahitaji ufunguo wa buji, bisibisi, waya mwembamba na subira. Inafanyika juu ya mchanga, chini ya mwembe. Ndiyo sababu moteri ile imeishi hapa: imerudisha utengenezaji mikononi mwa watu wa mto, kama zamani za mtumbwi.

Kasoro yake, na dawa iliyokuja na kompyuta

Lakini moteri hiyo ina deni. Esansi mpya inaingia huku mlango wa moshi ukiwa bado wazi, hivyo karibu robo yake inaweza kutoka bila kuungua. Katika bidon nne, moja inamwagika mtoni. Ni hasara ya mwenye mtumbwi, na ni maji yale yale watu wanaooga na kunywa.

Mwaka 1996 Marekani iliweka sheria ya kupunguza uchafu wa moteri za mashua na za pikipiki za maji, zile jet-ski. Wahandisi wakajibu kwa kunyunyizia esansi moja kwa moja ndani ya silinda, baada ya mlango wa moshi kufungwa. Kampuni ya OMC ilitumia mbinu ya Kijerumani iitwayo Ficht kwenye Evinrude zake. Sea-Doo nayo ikatoa GTX DI kwa mwaka 2000, kwa mbinu ya Orbital ya Australia.

Moshi ulipungua na esansi ikaokolewa, ila ugonjwa ukajificha. Sasa kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa kunyunyizia. Betri ikilegea kidogo au presha ya mafuta ikishuka, moteri inapoteza nguvu au inakataa kuwaka, na kusoma buji peke yake hakutoshi tena. Lazima kiwepo chombo cha kuzungumza na kompyuta hiyo. Hata huko Marekani moteri za kwanza za Ficht ziliharibika nyingi, na OMC, iliyokuwa na madeni na malalamiko, ilifilisika Desemba 2000. Bombardier ilinunua kazi ya Evinrude na kuiboresha kwa jina E-TEC, lakini Mei 2020 warithi wake BRP walitangaza kuacha kabisa kutengeneza Evinrude. Wenye moteri hizo wakabaki na kompyuta ambazo kiwanda chake kimefunga mlango.

Maswali mawili kabla ya kununua

Historia haisemi kwamba cha zamani ndicho kizuri. Moteri inayotupa robo ya esansi haiwezi kusifiwa mahali ambapo esansi ni ghali na mto ndio bomba la maji. Siku moja Lualaba itahitaji moteri nyingine, iwe ya mipigo minne au ya umeme.

Ila anayeileta, awe mfanyabiashara, mradi au serikali, aulizwe mawili pamoja: inakula kiasi gani, na ikizima kati ya Ubundu na Kindu, nani kwenye mtumbwi anaweza kuifungua? Meli za kampuni hazikuwa na jibu la swali la pili. Siku yao ilipofika, watu walirudi kwenye kasia.