Kizuiamrama: Chuma Kinachofunguliwa Porini

Gereji iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, chuma hiki kina jina moja: stabilaiza. Ni ufito mnene wa chuma cha springi uliopindwa ncha mbili, unaopita chini ya pua ya gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Katikati umeshikwa na bushi mbili za mpira zilizobanwa kwenye chesisi, na kila ncha imeungwa na linki fupi inayokwenda karibu na gurudumu lake. Fundi akisema linki za stabilaiza zimekufa, dereva anajua atoe pesa kiasi gani, na hapo lugha imefanya kazi yake.

Kwa mwandishi wa kitabu cha ufundi, hata hivyo, jina hilo halitoshi. Kwanza tayari ni la kile kisanduku kinacholinda friji umeme unapopanda na kushuka, ingawa hilo ni dogo, kwani muktadha hutenganisha. Kubwa ni kwamba linaahidi uthabiti wa jumla ambao chuma hicho hakina. Ndiyo maana mtu akimwona mwenye Hilux analala chini ya gari na kufungua stabilaiza ya mbele kabla ya kuingia korongoni, humdhania amerukwa na akili. Si huko ndiko uthabiti unakohitajika?

Tazama gari linapopanda tuta la barabarani. Magurudumu mawili ya mbele yakipanda pamoja, ufito unazunguka tu ndani ya bushi zake na haufanyi lolote. Dereva akilikata tuta kwa pembeni, gurudumu moja likatangulia, ufito unasokotwa. Chuma cha springi hakipendi kusokotwa, kwa hiyo kinalisukuma chini gurudumu lililopanda na kulivuta juu lile lililobaki chini. Kwenye kona ya lami kazi hiyo ni njema: bodi inataka kulalia upande wa nje, ufito unakataa. Nguvu yake iko kwenye unene. Ukitoka milimita 25 hadi 30, ukakamavu unazidi mara mbili, kwa sababu hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo.

Basi kazi ni moja tu, kupinga gari kulala ubavu, na istilahi nzuri ingeitaja hiyo. Waingereza walitaja kinachozuiwa, yaani kubingirika. Wamarekani wakataja ugonjwa na kusahau dawa: kwao ni pau la kuyumba, kana kwamba ndilo linaloyumbisha. Kwetu kuyumba kumetanda mno. Trela linayumba, mlevi anayumba, hata msimamo wa mtu unayumba. Mlalo umeshachukuliwa na walimu wa hisabati kwa mstari usiopanda wala kushuka. Kupinduka ni baada ya ajali. Lakini watu wa pwani wana neno lililokaa tayari karne nyingi: mrama, mwendo wa chombo kulalia ubavu huu kisha huu. Leo tunasema mambo yamekwenda mrama bila hata kuikumbuka bahari. Kama tulivyounda kipazasauti na kinasasauti, tuunde kizuiamrama, wingi vizuiamrama. Atakayesema mrama ni wa kwenda na kurudi, na kwamba gari kwenye kona hulala upande mmoja tu, ana haki yake. Bado sijaona neno lililo karibu zaidi.

Kwa jina hilo, yule wa korongoni hana wazimu. Pale gurudumu la kulia linapanda jiwe huku la kushoto likitumbukia shimoni, na kizuiamrama kinalinyima la kushoto nafasi ya kushuka. Linabaki hewani, linazunguka bure, na gari linainama kuliko lilivyopaswa. Kikifunguliwa, kila gurudumu linafuata ardhi yake. Faida huwa kubwa kwenye magari yenye ekseli nzima mbele na springi za koili, kama Land Cruiser pikapu za kuanzia 1999. Kwenye Hilux za kuanzia 2005, ambazo kila gurudumu la mbele lina aami zake lenyewe, faida ni ndogo, kwani aami zenyewe zina kikomo. Utakachohisi zaidi ni kichwa kutotupwa huku na huku kwenye njia mbovu.

Gharama yake inalipwa lamini. Pikapu nyingi hazina kizuiamrama cha nyuma. Zinategemea ugumu wa springi za majani. Ukiondoa cha mbele, sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kupinga mrama inahamia nyuma, na dereva akikwepa mbuzi ghafla akiwa kasi, bodi inalala sana na nyuma huwa rahisi zaidi kuteleza. Gari lenye mzigo juu ya paa ndilo la kuogopewa kuliko yote. Kwa hiyo sikubaliani na ile desturi ya kung'oa kizuiamrama kwa sababu tu linki zinagonga ko ko ko, kisha kukiacha kwenye kona ya gereji milele. Linki mpya si ghali hivyo.

Hapa pia vitenzi vitenganishwe, maana "kufungua stabilaiza" kunabeba kazi mbili. Kuchomoa linki ni kwa muda: ufito unabaki garini, unafungwa juu kwa kamba imara usiguse tairi wala mipira ya breki. Jeep Wrangler Rubicon imekuwa ikipata matokeo yaleyale kwa kubonyeza swichi tangu 2007, bila kuchomoa linki. Kung'oa ni kuondoa linki, vishikizo vya bushi na ufito wote, mara nyingi baada ya kutoa bamba la chuma linalokinga injini chini. Kwa vyovyote, gari lisimame pasawa, usukani ukiwa umenyooka, au magurudumu yote mawili yainuliwe kwa jeki kimo kimoja. Gurudumu moja likiwa juu kuliko jingine ufito umesokotwa, na nati ya mwisho ikitoka utaruka na kumpiga aliye chini yake.