Sanaa na Sayansi Mlimani: Shahada Zilizodaiwa Faida

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanza na sanaa wala sayansi. Kilianza na sheria. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wanafunzi 14 walianza masomo katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, chuo kikiwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Sheria ilitangulia kwa sababu fani nyingine kubwa zilikuwa zimeshapata kwao: Makerere walikuwa na udaktari na kilimo, Nairobi walikuwa na uhandisi. Sheria ilikuwa haina mwenyewe.

Mwaka 1963 chuo kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata kilihamia kwenye kilima cha magharibi mwa jiji ambacho watu hukiita Mlimani tu, na mwaka huohuo Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kikafunguliwa. Cha Sayansi kilifuata mwaka 1965. Mpangilio wa masomo ulikuwa wa Kiingereza: mwanafunzi wa sanaa alianza na masomo matatu, tuseme historia, jiografia na fasihi, kisha akayapunguza kadiri alivyopanda madarasa.

Serikali iliyogharamia masomo hayo ilikuwa na hesabu yake. Daktari angetibu na mhandisi angejenga daraja, lakini mhitimu wa historia au wa fizikia angefanya nini kwa mkulima ambaye kodi yake ndiyo iliyomsomesha? Swali hilo lilirudi kila baada ya miaka michache, na kila liliporudi lilibadilisha kitu katika ratiba.

Liliulizwa kwa ukali zaidi mwaka 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wote watumikie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 ya kipindi hicho walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho ya chuo, na bango mojawapo lilidai kuwa enzi za mkoloni zilikuwa nafuu. Bango hilo liliwagharimu. Rais Nyerere alitangaza papo hapo kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata, lakini wakakuta Azimio la Arusha, lile la ujamaa, limeshatangazwa. Machi 1967 chuo kiliitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Baada ya hapo lilikuja somo la lazima kuhusu jamii na maendeleo, ambalo baadaye lilikuwa Taaluma za Maendeleo, na ambalo hata mwanafunzi wa kemia halikumwacha.

Lakini jibu bora zaidi kwa swali la mkulima halikutoka serikalini. Lilitoka Idara ya Historia. Mkuu wake wa kwanza, Terence Ranger, alifika mwaka 1963 akiwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini. Wakati huo historia ya Afrika iliyokuwa vitabuni ilikuwa kwa kiasi kikubwa habari za wageni: wapelelezi, wamisionari, magavana. Mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika kutoka nchi mbalimbali walikutana Dar es Salaam, na hoja iliyotawala ilikuwa kumtafuta Mwafrika kama mtendaji katika historia yake mwenyewe.

Kisha ukaja utafiti wa Maji Maji. Mwaka 1968, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi wa shahada ya kwanza walitumwa kusini mwa nchi kuwahoji wazee walioviona au kuvisikia vita hivyo vya kupinga utawala wa Wajerumani, vya 1905 hadi 1907. Hesabu ya miaka inaonyesha uzito wa kazi hiyo: aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipoanza, sasa alikuwa na miaka 78. Mwalimu alikuwa mzee barazani, na mwenye kalamu alikuwa mjukuu aliyerudi kijijini. Kama mahojiano hayo yangecheleweshwa miaka kumi, ushahidi mwingi ungezikwa pamoja na wenyewe. Katika miaka hiyohiyo Ebrahim Hussein, aliyesomea sanaa za maonyesho hapohapo Mlimani, aliandika tamthilia ya *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969 na kuufanya mgogoro wa Maji Maji kuwa mali ya jukwaa. Walter Rodney, mwalimu kutoka Guyana, alichapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kitivo kilichoshukiwa kuwa cha anasa ndicho kilicholipatia jina la Mlimani umaarufu wa kimataifa.

Umaarufu huo ulikuwa na kelele zake pia. Wanafunzi wa kundi la kimapinduzi la USARF, lililoongozwa na Yoweri Museveni wakati akisomea sayansi ya siasa, walitoa jarida la *Cheche*. Serikali ya kijamaa ililiona limezidi ujamaa, na mwaka 1970 jarida na kundi lake vikapigwa marufuku.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika na Dar es Salaam ikasimama peke yake. Mwaka huo ilianza Idara ya Kiswahili, ikifundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Walimu wake walilazimika kuunda istilahi huku wakifundisha: isimu, fonolojia, mofolojia, maneno ambayo leo mwanafunzi wa sekondari huyataja bila kujua kuna aliyeyahangaikia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyokuwa chuoni tangu 1964, ilitoa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* mwaka 1981. Idara nyingine zote ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa jaribio jingine la kumsogeza msomi karibu na mkulima. Aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kupita JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili na kupata pendekezo la mwajiri na la chama, ndipo aombe chuo. Kwa mwanafunzi wa hisabati, miaka mitatu bila kugusa kalkulasi si mchezo. Kwa wasichana, muda huo uliangukia kwenye umri wa kuolewa. Idadi yao ikashuka, na mwaka 1976 sharti likalegezwa kwao. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga marupurupu ya viongozi. Wakafukuzwa tena.

Miaka ya 1990 ilileta uchangiaji wa gharama, na swali likahama kutoka kwa mkulima kwenda kwa mzazi. Uhaba wa walimu nao uliipa sanaa na sayansi kazi ambayo hakuna aliyeweza kuibishia: mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, kuandaa walimu wa shahada wa masomo hayohayo. Mwaka huo pia Bodi ya Mikopo ilianza kazi, na fedha zake zikazaa msamiati mpya wa mabweni: *boom*, yaani fedha za mkopo, likiingia, kantini hujaa, likichelewa, foleni ya uji huwa ndefu. Mwenye kufeli somo hupata *supu*, yaani mtihani wa marudio, na mwenye kuzidiwa kabisa *hudisko*, yaani huondolewa masomoni.

Vitivo vya zamani vimegawanyika. Insia zina ndaki yao, sayansi za jamii yao, na sayansi asilia na tumizi yao. Anayeomba mkopo huangalia kwanza kama kozi yake imo katika orodha ya kipaumbele. Ualimu wa sayansi umo. Historia peke yake hukaa mkiani.