Uzi wa Fundi na Mnaso wa Kompyuta: Historia Fupi ya Mstari Katika Uchoraji wa Majengo

Katika maeneo ya Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, nyumba ya miti na udongo kwa kawaida haianzi kwa mchoro wa karatasi bali kwa vigingi na kamba. Ndivyo ilivyo hata Ntoto, mpakani mwa maeneo hayo mawili, ambako mapigano yaliyoanzia sokoni mwezi Machi 1993 yalizilazimu familia nyingi kuhama na baadaye kujenga upya. Fundi huivuta kamba, huitazama kwa jicho moja, kisha huamua: ama kigingi kisogezwe kifuate kamba, ama kamba ilegezwe ipite kando ya jiwe lisilong'oka. Uamuzi huo wa pili, yaani wa kuulegeza mstari, ndio unaochunguzwa katika makala haya, kwani ulibadilika sana pale kazi ya kuchora majengo ilipohamia katika kompyuta.

Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu ya uzamivu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji alishika kalamu ya nuru na kuielekeza kwenye kioo cha kompyuta. Kwa kuwa mkono wa binadamu hautulii, programu haikuuamini mkono peke yake: kalamu ilipokaribia nukta au mstari uliokwisha kuchorwa, kompyuta ilichukulia kwamba mchoraji alikusudia papo hapo. Ili kuumaliza mstari, mchoraji aliipokonya kalamu ghafla hata kompyuta ikapotewa nayo.

Wazungumzaji wa Kifaransa huuita mvuto huo accrochage, neno linalokumbusha ndoana na kutundika. Kwa Kiswahili, kunasa kunafaa kuliko kunata. Gundi hunata popote inapogusa. Ndege hunasa mahali palipotegwa, na aliyetega anaweza kutegua.

AutoCAD, iliyotolewa mwaka 1982, ilieneza uchoraji huu katika kompyuta ndogo za ofisini. Mwaka 1986, Eric Bier na Maureen Stone wa maabara ya Xerox PARC walieleza mbinu iliyoiga rula na bikari: mchoraji mwenyewe aliweka mistari ya kuongozea, nayo ikawa na mvuto. Huo ulikuwa ukaribu wa kweli na uzi wa fundi, maana mtego ulitegwa na mwenye kuchora. Programu za baadaye zilichukua njia nyingine. Katika Revit, iliyotoka mwaka 2000, kompyuta hutafuta yenyewe ncha za kuta, katikati ya kuta, makutano na pembemraba, na hatua za urefu hubadilika kadiri picha inavyovutwa karibu au mbali. Njia za kutegua zipo: mchoraji huandika herufi SO ili nukta moja isinase, au huzima mnaso wote kabla ya kuanza. Lakini hali ya kawaida ni kunasa, na asiyejua hilo huchorewa.

Kwa jengo jipya hasara ni ndogo. Tatizo ni jengo la zamani linalochorwa ili lihifadhiwe, na kwa hilo mwambao una mifano mingi kuliko bara. Nyumba ya mawe ya Lamu ilipangwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Msana na ndani ni vyumba virefu vyembamba, vyenye upana wa takriban mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti haikuweza kubeba zaidi. Kuta za matumbawe na chokaa zilifuata kiwanja na ukuta wa jirani, si pembemraba.

Tuseme msana una upana wa mita 2.91 upande mmoja na 3.02 upande wa pili. Mchoraji anavuta ukuta, programu inaona umekaribia kuwa sambamba na mwenzake, inaunyoosha. Sentimita 11 zimepotea bila mtu kuamua. Ukuta unaofuata unanasa kwenye ule wa uongo, na chumba cha mwisho kinaingia uchochoroni. Wapimaji waangalifu hupima hanamu zote mbili za kila chumba, kisha huzima mnaso na kuandika tarakimu kama zilivyo.

Kosa hili si la sura tu. Ukuta uliopinda au kuinama ni ushahidi wa msingi uliozama au maji yaliyoingia. Mchoro ukiunyoosha, mhandisi anayeusoma ofisini huona jengo zima. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Seyyid Barghash, iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wakafa. Sababu za maporomoko kama hayo ni nyingi, wala mchoro hauzuii mvua. Hata hivyo, anayejenga upya baada yake hana ukuta wa kupima tena. Kwa sehemu iliyoanguka hubaki na picha na michoro ya waliotangulia, na humo hawezi kutofautisha mstari uliopimwa na mstari ulionaswa.