Ununuzi wa vyakula kwa jumla Ukunda

Mkazi wa Msambweni aendaye Ukunda kununua vyakula kwa jumla hulipa pia nauli. Basi aanze na visivyooza upesi: mchele, ndengu, maharagwe. Gunia huwa na nafuu kwa kila kilo, lakini katika unyevu wa pwani nafuu hiyo huliwa na fukusi. Afadhali majirani wagawane moja. Anunuapo unga wa mahindi, asome pakiti, kwani tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa viwandani kuutia madini ya chuma, zinki na vitamini. Sharubati za pakiti zenye sukari tele ni gharama ya bure penye madafu. Samaki asiwabebe kutoka huko. Wa Gazi na Msambweni huuzwa ufuoni siku ile ile wavuliwapo.