Nyarubanja: Mwenye Ardhi na Mpangaji wa Buhaya

Katika falme za Buhaya, kama Kiziba upande wa Missenyi, Kyamutwara upande wa Bukoba na Ihangiro upande wa Muleba, mkama (mfalme) aliweza kumgawia ndugu au mtumishi wake mashamba pamoja na watu waliomo. Mfumo huo ndio nyarubanja. Familia iliyopanda migomba vizazi na vizazi iligeuka batwarwa, yaani wapangaji, ikidaiwa ndizi, pombe na kazi. Dhuluma hiyo ilikuwa nzito, kwani kibanja, yaani shamba la migomba la familia, kina makaburi ya wazee. Wakati wa Wajerumani mfumo ulienea. Chini ya Waingereza kodi ikawa ya fedha. Bunge la Tanzania liliwafungulia batwarwa njia ya kumiliki vibanja kwa sheria ya 1965.